Kisigino cha Baukje

Baukje alipoletewa mkoba uliopewa jina lake, aliutazama mbele, akaugeuza, akautazama nyuma, akauliza una uzito gani bila kitu ndani. Alipoambiwa, akasema, "Haya," akarudi kumenya viazi.

Kwa watu wa Sneek, mji mdogo wa mifereji kaskazini mwa Uholanzi, hiyo ni hotuba. Hiske Postma, mkaza mwana wake, ambaye ndiye aliyeuchora na kuushona, alirudi nyumbani anapiga mluzi.

Alikuwa na haki ya kupiga mluzi, maana miezi ya karibuni haikumpa sababu nyingi. Tangu hajaolewa Hiske alikuwa akishona matanga na vifuniko vya mashua kwa Reitsma, na angeendelea mpaka meno yamtoke, kama Reitsma asingenunua mashine ya kukata turubai inayojiendesha yenyewe. Mashine iliingia kwa mlango wa mbele, Hiske akatoka kwa mlango wa nyuma na shada la maua mkononi. Maua aliyaweka kwenye ndoo, akayatazama mpaka yakafa. Yalipokufa akakata shauri: atachora paterni za mikoba na kuziuza mwenyewe, kwa jina lake mwenyewe, bila bosi. Jina la biashara likawa Hiske. Durk, mumewe, alisema ni jina zuri, rahisi kukumbuka.

Paterni ni karatasi. Mtu ananunua bahasha, ndani mna vipande vya kukatia na maelezo. Kitambaa anakitafuta mwenyewe, na kwenye cherehani anakaa mwenyewe. Baukje alielezwa jambo hili mara moja tu, akalielewa vizuri kuliko alivyotakiwa.

"Kwa hiyo unamuuzia mtu kazi," alisema.

"Namuuzia mchoro, Mama."

"Anakulipa, halafu anafanya kazi yeye."

"Ndiyo."

"Na mkoba ukitoka vibaya?"

"Atakuwa amekosea yeye."

Baukje alimkumbuka mumewe. "Marehemu Sipke angeipenda biashara hii," alisema. "Naye alikuwa hivyohivyo, anakaa kitini anakuonyesha pa kulima."

Baada ya mazungumzo hayo ndipo Hiske alipoamua kuutoa mkoba mmoja kama sadaka. Katika biashara hiyo kila paterni huitwa kwa jina la mwanamke. Hakuna ajuaye kwa nini, na hakuna mwanamke aliyewahi kuombwa ruhusa. Hiske alikuwa na paterni tatu. Mfuko wa miwani na mkoba wa begani aliupa kila mmoja jina alilolikuta kwenye kalenda. Ule wa tatu, mkoba wa baiskeli unaoning'inia ubavuni mwa keria, ndio uliokuwa roho ya biashara yote, na huo akauita Baukje. Ulikuwa wa turubai ya tanga, una mdomo wa kukunja ili mvua isiingie, na kona zake zimesimama wima kama za kabati. Hiske alijivunia kona zile. Kwa Reitsma alisifika kwa kona.

Kona ndizo zilizomfanya Reitsma apige simu. Mashine yake mpya ilikuwa inakata mistari iliyonyooka vizuri sana, lakini ikifika konani inapoteza akili, na ilikuwa imemkatia daktari wa meno kifuniko cha mashua chenye umbo la suruali. Reitsma hakulieleza hivyo. Alisema amekuwa akimfikiria Hiske.

"Nafasi yako ipo," alimwambia. "Najua una mambo yako ya karatasi. Nenda kwenye maonyesho yako ya vitambaa Leeuwarden, uone. Zikigoma, Jumatatu njoo asubuhi, nitakuwa nimeshachemsha kahawa."

Alisema kwa upole, na upole huo ndio uliomchoma Hiske. Bosi akikutukana unajua pa kuanzia. Bosi akikuchemshia kahawa, maana yake ameshakuona umekaa kwenye kiti chako cha zamani, kichwa umeinamisha, naye anakupita kwa nyuma akikugusa bega: karibu tena, msanii. Hiske alikuwa ameuona mkono ule ukimgusa mtu mwingine bega. Hakutaka uguse lake. Basi maonyesho yale ya Jumamosi, ambako alikuwa ameshakodi meza, ndiyo yangeamua: ama watu wanunue paterni zake, ama Jumatatu anywe kahawa ya Reitsma.

Alikuwa amejiandaa kama inavyotakiwa. Kabla paterni haijauzwa, hupewa kwanza washonaji wa majaribio, ambao huishona bure kisha wakasema kila kilicho kibaya. Kazi ya kuwakusanya aliifanya Gepke, rafiki yake, jirani wa Baukje ukuta kwa ukuta, mwanamke mwenye vyerehani vingi kuliko vitanda. Wakashona, wakaandika kwenye kundi la simu. Mmoja aliandika kwamba hatua ya nne imeelezwa na mtu mwenye njaa. Mwingine alisema mfuko wa ndani hauna maana ila ameushona kwa adabu. Wa tatu alisema jalada la bahasha ni baya, halafu baada ya saa moja akaandika tena kwamba amelizoea. Hiske alirekebisha kila kitu, ila jalada.

Na picha zikaja. Mkoba mbele ya ukuta wa matofali. Mkoba kwenye baiskeli iliyoegemezwa uani kando ya maua. Mkoba kwenye baiskeli iliyoegemezwa kanisani. Mikoba ilipendeza kweli, hii ya buluu, ile ya haradali, mmoja una bitana ya samaki wadogo. Haikuonekana hata mara moja ikiwa na kitunguu ndani.

Hiske mwenyewe aliujaribu wake barabarani. Kila siku aliendesha mpaka darajani kumpelekea Durk mkate wa sukari. Durk ni mlinzi wa daraja: anapiga kengele, daraja linanyanyuka, boti zinapita, naye anawateremshia wenye boti kiatu cha mbao kwa ufito wa kuvulia ili watie ada yao humo. Kwa jua na kwa upepo wa ubavuni Hiske alikwenda na kurudi, na mkoba ulitulia ubavuni mwa keria kama mtoto aliyelelewa. Ukapita mtihani. Ni vizuri kutaja hapa kwamba Hiske anavaa viatu namba thelathini na sita. Yeye mwenyewe wakati ule hakuona sababu ya kulitaja.

Akapeleka kwa mpiga chapa. Bahasha zikarudi zimejazwa kwenye maboksi, maboksi yakajaa ukumbini, Durk akawa anapita kwa ubavu kwenda chooni.

Alhamisi, siku mbili kabla ya maonyesho, ilikuwa sikukuu ya kuzaliwa ya Baukje. Viti vilipangwa mduara sebuleni kama kila mwaka. Kila aliyeingia alizunguka mduara mzima akishika mikono na kumpongeza kila mtu, hata ambaye hakuzaliwa, kisha akapewa kahawa na kipande cha keki ya maganda ya chungwa chenye sukari ya waridi juu, akakaa pale alipoangukia mpaka saa ya kuondoka. Viti vilipopungua, Hiske alitumwa bandani kuleta cha kukunja.

Bandani ndimo baiskeli ya Baukje ilimokuwa, na mkoba ubavuni. Hiske aliutazama mara moja tu, kisha akaweka kiti chini ili autazame vizuri.

Kona ya mbele ya chini, ile inayoelekea pedeli, haikuwepo. Haikuchanika, ilikatwa, na kwa jinsi ilivyoonekana, ilikatwa kwa kisu cha viazi. Kisha tundu likafungwa kwa uzi wa kuvulia samaki, kwa mishono mikubwa ya shari, kama ya daktari wa farasi mwenye haraka. Ile kona. Hiske aliishika pale ilipokuwa. Akakunja kiti, akakikunjua, akakikunja tena, akarudi ndani.

"Mama," alisema, akiwa bado amekishika kiti, "mkoba umefanywa nini?"

"Mkoba gani?" aliuliza Baukje.

"Wenye jina lako."

"Uko bandani."

"Nimeuona. Una kona tatu."

Katika mduara hakuna pa kutazama isipokuwa mwenzako wa mbele, kwa hiyo watu wakatazama keki.

"Panya," alisema Baukje.

"Panya kakata kona?"

"Mwaka huu wako wengi."

"Na kushona je, Mama? Panya kashona?"

Baukje alikunywa kahawa, akameza. "Aliona vibaya kuuacha vile," alisema.

Gepke, aliyekuwa kiti cha pili kutoka dirishani, hakuweza kujizuia. "Mama Baukje, panya gani huyo ana uzi wa kuvulia?"

"Wa mferejini," alisema Baukje. "Nani hajapata keki?"

Watu wakacheka, mduara ukapumua, mazungumzo yakahamia kwenye bei ya vitunguu. Hiske alikaa kwenye kiti chake cha kukunja bila kucheka. Mkoba wa kwanza kabisa, alioushona kwa mkono wake, akautoa zawadi, na mwenye jina ameuchinja. Alimtazama mama mkwe wake kwa hasira, na kwa kuwa hakutaka kumtazama usoni, alimtazama chini. Ndipo alipoona Baukje anairudisha miguu yake taratibu chini ya kiti, mmoja mmoja, kama mtu anayeficha chupa.

Alikuwa amevaa viatu vya kahawia vya marehemu Sipke. Alivivaa siku zote. Alikuwa akisema ni dhambi kutupa kiatu kizima. Sipke alikuwa amekufa zamani sana, lakini viatu vyake havikwisha. Kila vikichakaa, vilipatikana vingine kabatini, vipya, na katika familia nzima hakuna aliyewahi kuuliza marehemu anavinunua wapi.

Walipokuwa wakirudi nyumbani, Hiske alilalamika barabara nzima. Durk alisikiliza mpaka walipofika mlangoni.

"Panya huyo," alisema, "anavaa arobaini na tatu."

"Baba yako alikuwa namba ngapi?"

"Arobaini na moja. Usiseme nimekwambia."

Asubuhi ya Ijumaa Hiske alikwenda darajani na mkate, na alipomkabidhi Durk mkate, akamwomba viatu vyake. Durk alibaki na soksi ndani ya kibanda chake cha kuendeshea daraja, akila, wakati mkewe anavaa mabuti ya kiume namba arobaini na tatu, anayajaza karatasi za mkate mbele, anapanda baiskeli.

Pedeli ilipanda, ikashuka, ikarudi nyuma. Tok. Ikapanda, ikashuka, ikarudi nyuma. Tok. Kisigino cha buti kilikuwa kinaigonga kona ya mkoba, ile kona yake nzuri iliyosimama wima, kila mzunguko. Alipofika ng'ambo ya daraja kulabu moja ilikuwa imechomoka. Aliporudi, mkoba ulikuwa unaning'inia kwa kulabu iliyobaki na unaburuta lami.

"Nilikusikia kuanzia kule," alisema Durk.

Hiske aliuinua mkoba kutoka kwenye lami. Alikuwa amekumbuka jambo. Wiki kadhaa zilizopita yeye na Durk walisimama hapohapo wakamwona Baukje akija kwa baiskeli kutoka sokoni, magoti yametazama nje huku na huku, visigino amevipanua kama bata anayepanda ngazi. Walicheka sana. Hiske alisema ni baridi yabisi. Kumbe mama wa watu alikuwa anauheshimu mkoba. Alikuwa ameendesha hivyo mjini kote, mbele za watu, kwa sababu mkoba una jina lake na aliyeushona ni mke wa mwanawe. Na alipochoka, badala ya kusema neno moja ambalo lingewafanya watu watazame miguu yake, alichukua kisu cha viazi.

Hiske alimpigia simu Gepke palepale.

"Gepke, mkoba wako umeuendesha?"

"Kuuendesha?"

"Kwenye baiskeli. Barabarani."

"Uchafuke? Bibi wee, nimeushona wiki mbili."

"Na wenzako?"

"Wamepiga picha."

"Unavaa namba ngapi?"

"Arobaini na moja. Kwa nini, umepata viatu?"

"Panda baiskeli. Nenda mpaka mwisho wa mtaa, urudi, unipigie."

Gepke alipiga baada ya muda mfupi. Alikuwa anahema. "Unapiga kisigino," alisema. "Na nimepita mbele ya mchungaji."

Nchi ile watu wake ni warefu, na mtu mrefu hasimami kwa miguu ya ndege. Hiske ndiye aliyekuwa kituko, na ndiye aliyechora mkoba kwa kipimo cha kituko, na sasa ukumbi wake ulikuwa umejaa maboksi ya mkoba wa kituko, na kesho yake ni Leeuwarden.

"Shoga, nisikilize," alisema Gepke. "Uza hivyohivyo. Sisi sote tumeshona, hakuna aliyegundua. Na wao watashona, watauegemeza ukutani, watapiga picha."

"Na yule atakayeuendesha?"

"Nani anaendesha na kitu kizuri?"

"Mama."

"Mama Baukje," alisema Gepke, "angeendesha na jeneza lake akiona limekaa sawa kwenye keria."

Hiske alisimama darajani na mabuti ya mumewe. Maneno ya Gepke yalikuwa na akili, na hilo ndilo lililomtia wasiwasi. Angeweza kuuza, watu wangenunua, Reitsma angekunywa kahawa yake peke yake. Halafu mahali fulani mama fulani angeendesha mjini kama bata. Alivua mabuti, akamrudishia Durk, akaenda kwa Baukje.

Baukje alikuwa jikoni anapanga vikombe vya jana. Alitoa kopo la biskuti, akatoa moja, akalifunga kopo, kama mgeni yeyote anavyotendewa.

"Mama, nimekuja kuomba mguu."

"Wa nini?"

"Nataka kuupima. Kisigino mpaka katikati ya pedeli."

"Miguu yangu haihusiki na biashara ya karatasi."

"Inahusika. Umeendesha na mkoba wangu wiki ngapi?"

"Sikuhesabu."

"Ulikuwa unakugonga."

"Panya..."

"Mama, panya tumwache."

Baukje alikaa. Aliifuta meza, ambayo ilikuwa safi, kwa kiganja. Kisha akaongea akiitazama meza. "Nilikwenda dukani kununua viatu vya harusi yangu. Muuzaji akanipima, akageuka, akapiga kelele mpaka chumba cha nyuma: leteni sanduku la upande wa wanaume. Duka limejaa. Wasichana wote niliosoma nao wamo." Aliacha kufuta. "Nikaolewa na viatu vya kaka yangu. Kwenye picha nimesimama nyuma ya chungu cha maua. Umeiona hiyo picha."

Hiske alikuwa ameiona mara nyingi. Siku zote aliona chungu kikubwa mno.

Aliinama, akavua kiatu chake, akakiweka mezani. Kilikuwa kiatu kizuri, cha buluu. Ubavuni kilikuwa na kipepeo, na kwenye mbawa za kipepeo kulikuwa na taa ndogo iliyowaka kilipogusa meza.

"Nanunua kwenye kona ya watoto," alisema Hiske. "Mara ya mwisho walinipa na puto."

Baukje alikichukua kile kiatu. Alikigeuza mbele na nyuma kama alivyougeuza mkoba. Alikigongesha mezani, taa ikawaka. Akakigongesha tena.

"Na kazini kwa Reitsma ulivaa hivi?"

"Niliipaka taa rangi nyeusi."

Baukje alitikisa kichwa taratibu, kwa heshima. Kisha akainama, akafungua kamba za marehemu Sipke, akautoa mguu, akauweka juu ya kiti kilichokuwa katikati yao. Ulikuwa mguu mrefu, mweupe, ulionyooka vizuri, na ungekuwa fahari ya mwanamume yeyote. Hiske akaupima kwa futi ya kushonea, kama anavyopima tanga.

"Sasa utakata kona kama nilivyokata," alisema Baukje. "Kwa wote."

"Nikikata ya kukutosha wewe, mwenye mguu kama wangu anapoteza mahali pa mkate mzima."

"Basi kila mtu apewe yake. Nguo si zinachorwa hivyo? Mistari mingi, kila mnene na mwembamba anafuata wake."

Hiske alimtazama. Alikuwa ameshona maisha yake yote, na hakuwahi kusikia mkoba unaochorwa kwa namba ya kiatu. Naye Baukje hakuwahi, ila yeye hakuona kama hilo ni kikwazo.

Walifanya kazi mchana wote. Hiske alichora ile kona tu kwenye karatasi, na ndani yake mikunjo mingi ya kukatia, mmoja nyuma ya mwingine kama mawimbi, kuanzia thelathini na tano mpaka arobaini na tano, kila mmoja na namba yake. Kwa namba za katikati Gepke aliitwa kupitia ukutani, akaja na miguu yake na ya mabinti zake. Kila mkunjo ulijaribiwa kwa gamba la boksi lililofungwa kwenye baiskeli uani, na Baukje amesimama na fimbo ya kuegemezea maharage akisikiliza kama kuna tok. Maktaba ilipokuwa inakaribia kufungwa, Hiske akawahi kutoa nakala huko, akarudi na maboksi, na wote watatu wakakaa mezani kuingiza karatasi moja kwenye kila bahasha ya mkoba ule. Katikati ya kazi Baukje aliinuka, akafungua kopo la biskuti kwa mara ya pili, akaliacha wazi. Gepke alisema baadaye kwamba pale ndipo alipoanza kuogopa.

Jumamosi, Leeuwarden, ukumbi ulijaa vitambaa na wanawake wenye mabegi ya magurudumu. Meza ya Hiske ilikuwa pembeni, kati ya muuza vifungo na mtu wa mikasi. Aliandika bango kwa mkono: Mkoba wa baiskeli, kwa namba ya kiatu chako. Watu walisoma, wakapita. Wengine walisoma, wakatazama miguu yao, wakapita haraka zaidi. Mwanamke mrefu aliyevaa koti la mvua alirudi mara ya pili, akauliza kwa sauti ya chini kama kuna namba ambayo mtu hahitaji kuitaja. Hiske alisema hakuna. Yule akaenda kununua vifungo.

Hiske alianza kuisikia harufu ya kahawa ya Reitsma.

Ndipo kukawa na mabishano mlangoni. Sauti ya mlinzi ilisema, "Bibi, baiskeli haziingii humu," na sauti nyingine ikajibu, "Hii si baiskeli, hiki ni kiegemeo cha mkoba," na Baukje akaingia akiisukuma, uso mwekundu kwa upepo. Alikuwa ameiendesha kutoka Sneek. Mkoba ulikuwa ubavuni, na kona yake ya panya.

"Treni ipo, Mama," alisema Hiske.

"Treni haina kisigino."

Aliiegemeza mezani, akavuta kiti cha muuza vifungo bila kuomba, akakaa, akavua viatu vyote viwili, akanyoosha miguu yake mbele, njiani kabisa, mahali ambapo ukumbi mzima ulilazimika kuiruka.

"Arobaini na tatu," alimwambia kila aliyeiruka. "Wewe je?"

Mwanamke wa koti la mvua alirudi mara ya tatu. "Arobaini," alisema.

Baukje alimtazama miguu. "Dada," alisema, "unaidanganya baiskeli."

Yule mwanamke aliangalia kulia, akaangalia kushoto. "Mbili," alisema. "Arobaini na mbili."

"Umeona, hujafa. Mpe bahasha, Hiske."

Baada ya hapo hapakuwa na nafasi mezani. Wanawake walivua viatu, wakasimama na soksi kwenye sakafu ya saruji, wakalinganisha. Namba zilizokuwa siri kwa miaka zikawa zinatajwa kwa sauti, na wenye kubwa wakaanza kuwatazama wenye ndogo kwa huruma. Hiske mwenyewe ilibidi aonyeshe kipepeo. Aliuza mpaka mtu wa mikasi akaja kuuliza kama wanatoa kitu bure.

Jioni, watu wakipungua, Reitsma alitokea. Alikuwa amevaa koti lake la Jumapili, na mikono ameiweka nyuma, pale mikono yake inapokaa kabla ya kugusa mtu bega. Aliyatazama maboksi matupu chini ya meza. Akaitazama miguu ya Baukje, akaitikia kwa kichwa, kama mtu anayemsalimu mtu wa heshima.

"Nilikuwa napita," alisema. Kutoka Sneek mpaka Leeuwarden hakuna mtu anayepita tu. "Kuhusu Jumatatu, Hiske."

"Ndiyo, bosi."

Reitsma alichukua karatasi ya kona iliyobaki mezani. Aliifuata mikunjo kwa kidole, mmoja baada ya mwingine, mpaka wa mwisho. Alikaa hapo muda mrefu, maana anajua kazi akiiona. "Inaishia arobaini na tano," alisema.

"Inaishia hapo."

Aliitazama miguu yake mwenyewe. "Mimi ni arobaini na sita," alisema. "Mkoba wangu nimeufunga mbele, kwenye usukani. Sioni ninakokwenda."

"Leo sina," alisema Hiske. "Ila Jumatatu nina nafasi asubuhi. Njoo nyumbani nikupime. Nitakuwa nimechemsha kahawa."

Reitsma aliirudisha karatasi mezani taratibu, akainyoosha, akasema Jumatatu ni sawa, akaondoka. Mikono bado ilikuwa nyuma.

Baukje alikuwa anavaa viatu. Alifunga kamba za kulia, akafunga za kushoto, kisha akanyoosha kidole kwenye boksi moja lililojaa, ambalo siku nzima hakuna aliyeligusa.

"Hivi ni nini?"

"Paterni za mfuko wa miwani, Mama."

"Hakuna aliyenunua."

"Hakuna."

"Hukumpima mtu pua," alisema Baukje, akatoa baiskeli nje.